Risasi Isiyo na Jina

Katika bonde lile la Wyoming, risasi aliyoibuni mtu mwenyewe haina jina mpaka iangushe mabamba matano. Ndiyo desturi ya shambani kwa Harlan Teague. Kila mwaka, majani ya kwanza ya ng'ombe yakishakatwa na kufungwa, watu wanaojitengenezea risasi za bastola kubwa hukusanyika nyuma ya ghala lake. Mwenye risasi mpya hujaza silinda ya bastola yake, matundu yote matano, kisha hulenga mabamba matano ya chuma yaliyosimamishwa chini ya kilima. Yakianguka yote kwa mjazo mmoja, mwenyewe huipa risasi yake jina alitakalo, na jina hilo huchomwa kwa chuma cha moto kwenye mlango wa ghala. Yasipoanguka, jina hutolewa na watazamaji, na watazamaji wa bonde lile hawana huruma.

Muulize Royce Kittredge. Siku yake aliposimama pale, ndevu zake bado nyeusi, alikuwa hakuvibana vizuri vichwa vya risasi ndani ya maganda yake. Kila alipofyatua, mshtuko ulivichomoa kidogo vile vilivyobaki, mpaka silinda ikagoma kuzunguka. Alipoifungua, vichwa vile vya kijivu vilikuwa vinachungulia mbele kama viazi vilivyochipua stoo. Mtu mmoja nyuma akasema, "Viazi." Ikawa basi. Risasi ikaitwa Viazi, mwenyewe naye akaitwa Viazi, na hata mchungaji wa kanisa lao humwita hivyo anapompa mkono mlangoni.

Hayo Verlin Stroud aliyajua vizuri alipoegesha gari lake kwenye kivuli cha ghala asubuhi ile, pamoja na mkewe Lorna.

Verlin alikuwa fundi wa pampu za upepo, zile zenye minara mirefu zinazowavutia ng'ombe maji huko malishoni. Alikuwa mtu wa mikono, si wa maneno. Maneno kwake yalikuwa kama maji ya kisima kirefu: yapo, ila kuyafikisha juu ni kazi. Majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, farasi alianguka naye na kumvunja kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini si kwa nguvu za kushika bastola ya aina ile, wala kupanda mnara wenye barafu. Minara ilipandwa na Lorna. Alipanda majira yote ya baridi, bisibisi mdomoni, upepo ukimpeperusha koti, na Verlin akasimama chini ameshika kamba kwa mkono wa kushoto.

Hakuwahi kumwambia ahsante. Alitaka, na mara nyingi alikaribia. Kila alipofungua kinywa, kilichotoka kilikuwa, "Angalia kamba."

Basi akaanza kutengeneza risasi. Alichukua ganda la risasi ya bunduki ya zamani, bunduki aliyoachiwa na babu yake, ganda refu la shaba ya manjano, nene, lenye kitako kipana. Ganda la namna hiyo mafundi wa bonde huliita mama, kwa sababu risasi mpya hutoka ndani yake. Akalikata likabaki na urefu wa kidole gumba, akalipanua mdomo, akalitia kichwa cha risasi kizito alichokimimina mwenyewe jikoni, Lorna akilalamika juu ya sufuria yake. Akakereza silinda ya matundu matano. Kazi ile aliifanya polepole, kwa mkono mmoja na nusu, na tangu siku ya kwanza alijua jina. Jina lilikuwa Lorna. Hakumwambia mtu yeyote, Lorna mwenyewe ndiyo kabisa.

Mpigaji, kwa sababu ya ule mkono, alikuwa Lorna mwenyewe.

Juu ya meza ya mbao mama na mtoto, ganda refu na risasi mpya, waliwekwa wamesimama bega kwa bega, kama desturi ilivyotaka, na watu wakaja kutazama. Verlin alikuwa ameleta pia maganda matupu yaliyokwisha kukatwa, ya kuwagawia wenye kupenda, na kile chombo cha kubania kichwa ndani ya ganda.

"Hili lina kitako kama cha shangazi yangu," akasema Royce, akiligeuzageuza ganda moja kwenye mwanga. "Shemeji Lorna, umeipiga kweli hii, au mnatuletea mapambo?"

"Nimeipiga mpaka nikasahau kushika kijiko," akajibu Lorna. "Wewe kaa mbali na zangu, zisije zikachipua."

Watu wakacheka. Royce akacheka kuliko wote, maana alishazoea.

Geneva Bascom, mjane mwenye ng'ombe wengi na macho makali, akachukua ganda naye. Yeye ndiye aliyekuwa akipima baruti za watu kwa mizani ya marehemu mumewe, na hakuna aliyewahi kubishana na mizani ile. "Mmezijaribu kwa uangalifu?" akauliza.

"Moja moja," akasema Verlin.

Ilikuwa kweli. Bastola mpya, risasi mpya, mke wako ndiye anayeishika: huwezi kukurupuka. Walitia risasi moja, wakafyatua, wakafungua, wakalitazama ganda kwa kioo cha kukuzia, wakapumzika, ndipo wakatia nyingine. Hivyo tangu theluji ilipoyeyuka, na hata mara moja hawakuvuruga utaratibu.

Harlan Teague, mzee mwenye shamba, akapanda juu ya tela na kupiga mluzi. Ilikuwa zamu ya Stroud. Watu wakavaa vizuia sauti masikioni. Lorna akasogea kwenye mstari, akafungua silinda, akatia risasi ya kwanza. Ikaingia na kutulia. Akazungusha, akatia ya pili.

Ya pili ikakataa.

Akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikaingia karibu yote, kisha ikasimama, kitako chake kimepanda juu ya kitako cha jirani yake. Akaitoa, akaijaribu nyingine kwenye tundu lilelile, ikafanya vivyo hivyo. Akaruka tundu moja, akatia. Ikaingia. Akarudi kwenye tundu la kati ya zile mbili, na pale risasi haikupata hata pa kuingilia.

"Verlin," akaita bila kugeuka, "njoo uone."

Verlin hakuhitaji kusogea. Alishaelewa akiwa amesimama palepale, na masikio yake yakawa moto. Vile vitako vya mama vilikuwa vipana mno. Ndani ya bunduki, risasi hukaa peke yake kama bwana mkubwa, haina wa kubanana naye. Ndani ya silinda zina majirani. Katika matundu matano zilienea mbili tu, tena zikitenganishwa. Miezi yote ile, kwa kuwa walikuwa waangalifu hivyo, hawakuwahi hata siku moja kutia mbili pamoja.

Lilikuwa kosa la mtu mwangalifu. Mzembe asingelifanya, mzembe angejaza bastola yote siku ya kwanza na kuligundua kabla ya chai.

Royce alikuja akachungulia ndani ya silinda. Mabega yakaanza kumtikisika. "Bwana Verlin," akasema, "umetuletea bastola ya matundu matano yenye nafasi mbili."

"Naona."

"Sijui kama naweza kuvumilia furaha hii. Nimeingoja miaka mingi."

Nyuma yao majina yalikwisha kuanza kurushwa. Mtu akasema Kitako. Mwingine akasema Mbilitu. Mbilitu likapokelewa kwa vicheko, na Verlin akaona jinsi lilivyokuwa likizama katika vichwa vya watu, kama msumari unaoingia mbao laini.

"Mzee Harlan," akasema. "Mstari unafungwa saa ngapi?"

"Opal wangu akigonga chuma cha kuitia watu chakula," akajibu Harlan. "Na nyama ameshaitoa kwenye oveni."

"Una mashine ya kukerezea kule bandani."

"Ninayo. Na baruti yako unayo, na maganda matupu unayo. Hakuna anayekukataza kupunguza vitako." Harlan akateremka kwenye tela taratibu, goti lake likilia. "Ila desturi unaijua. Mkono utakaogusa una sehemu yake katika jina. Ukisaidiwa na mmoja, mnaamua wawili. Ukisaidiwa na wanne, mnaamua watano. Hiyo si sheria yangu, nimeikuta."

"Naijua."

"Sasa unasubiri nini?" Lorna akamuuliza. "Waite wakusaidie. Jina tu hilo, Verlin. Wakiiita Kiroboto, tutakula na Kiroboto."

Verlin akamtazama, akafungua kinywa, akakifunga. Akachukua maganda yake matupu na kuelekea bandani.

Alijaribu peke yake. Aliwasha mashine, akalifunga ganda la kwanza, akaleta kisu cha chuma kwenye ukingo wa kitako. Vumbi la shaba likaanza kuruka, jembamba na linalometa. Nyumbani angeifanya kazi hii kwa raha, na redio ikiimba. Lakini mashine hii ilikuwa ya mtu mwingine, gurudumu lake lilikuwa upande wa kulia, na kifundo chake kilichoungwa hakikupenda kuharakishwa. Kisu kikaruka. Kilipotulia, kitako kilikuwa kimeliwa upande mmoja kama biskuti iliyopitiwa na panya.

Alilitupa ganda lile. Alifunga la pili. Kutoka nyumba kubwa ilikuja harufu ya nyama ya kuoka na maharage, na sauti ya Opal, mke wa Harlan, akiuliza nani amehamisha kisu cha mkate.

Verlin akakaa akiwaza, mkono juu ya mashine iliyokuwa ikizunguka bure. Peke yake, jina lingekuwa lake, lakini asingewahi. Asipowahi, risasi ni Mbilitu mpaka mwisho wa dunia. Akisaidiwa, angekuwa na sauti moja kati ya kadhaa. Sauti moja si nyingi, hasa ikiwa ni sauti kama yake. Lakini mwenye moja si sawa na asiye nayo.

Akazima mashine, akatoa kichwa mlangoni.

"Royce," akaita.

Royce alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, mikono mfukoni, kama mtu anayesubiri kuitwa lakini hataki ionekane. "Nilidhani hutaniita kamwe," akasema, akaanza kukunja mikono ya shati. "Ganda mama lako na ganda mama langu ni ndugu wa tumbo moja, hukujua? Vitako vyangu nilivipunguza mwaka ule ule. Viazi ilishindwa kwa mengi, lakini kwa hili haikushindwa. Sogea."

Naye Royce alikuwa na mkono mzuri. Vitako vikapungua kimoja baada ya kimoja, mviringo safi, na kila alipomaliza alilitia ganda ndani ya silinda kando ya mwenzake kuona kama vinapishana. Harlan alichukua nyundo ya mbao ya kutolea vichwa, akawa anagonga risasi zile za vitako vipana juu ya gogo mpaka vichwa vikatoka. Geneva aliipokea baruti katika vikombe vya chai vya Opal, bila kumuuliza Opal, akaipima upya kila kikombe, akisema kimya kimya namba zake. Lorna alitia fataki, vile vidude vya kuwashia baruti, kwenye maganda mapya. Verlin mwenyewe alisimama mwisho wa meza, akirudisha vichwa mahali pake na kuvibana kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Bana, bana," Royce akamwambia. "Usiiachie Viazi mrithi."

"Mimi naona iitwe Seneta," akasema Harlan, akigonga.

"Yule fahali wako?" akauliza Geneva.

"Alikuwa fahali mwenye heshima."

"Alimrusha daktari wa mifugo juu ya uzio, Harlan."

"Daktari hakubisha hodi."

"Mbilitu," akasema Royce akiwa ameinama kwenye mashine. "Nawaambieni mapema. Hata ikiangusha mabamba yote na kilima juu yake, mimi kura yangu ni Mbilitu. Binadamu nina kidonda changu."

Verlin akainama zaidi juu ya ganda alilokuwa akilibana. Lorna aliliona hilo, akamtupia jicho mara moja, akarudi kwenye fataki zake.

Walitoka bandani wakikimbia nusu, Harlan nyuma akilishikilia goti. Opal alikuwa amesimama barazani na fimbo ya chuma mkononi, akaiinua. Harlan akamwinulia kofia. Wameoana miaka mingi. Opal akajifanya ameona kitu kwenye aproni yake na kukikung'uta kwa muda.

Lorna akafungua silinda. Moja. Mbili. Tatu. Zikakaa bega kwa bega kama watoto kwenye benchi la kanisa. Nne. Tano. Akafunga.

Mlio wa kwanza ulifukuza kunguru wote kwenye miti ya mtoni. Bamba likalala chali. Mikono ya Lorna ilirushwa juu karibu na kofia yake, akaishusha, akapumua, akafyatua tena. La pili. La tatu lilipigwa pembeni, likajipinda, likasita, likaenda. Hapo Verlin aligundua kwamba alikuwa anakitazama kifundo cha mkono wa mkewe na si mabamba. La nne. Silinda ikazunguka bila kugoma. La tano liliruka kabisa kutoka mahali pake na kwenda kulala majanini.

Watu wakapiga makofi na kupiga miluzi, na Opal ndipo akagonga chuma chake. Lorna aliteremsha vizuia sauti shingoni, akaiweka bastola juu ya meza, akaukung'uta mkono wake kama aliyeshika sufuria ya moto. Geneva alimletea barafu ndani ya kitambaa.

"Haya," akasema Harlan. "Mikono iliyogusa ije mbele. Chakula kinapoa, kwa hiyo fupi fupi. Mimi nasema Seneta."

"Mbilitu," akasema Royce.

"Kittredge na Stroud," akasema Geneva. "Ndiyo haki. Mmoja ameibuni, mwingine ameiokoa."

"Mimi nataka kula," akasema Lorna.

"Verlin?"

Watu wakamgeukia. Wengi wao walimjua tangu utoto, na hakuna aliyetarajia zaidi ya neno moja. Verlin alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu ameandikiwa humo.

"Nilitaka iitwe Lorna," akasema.

Hakuna aliyecheka. Geneva akakunja uso kidogo, si kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yapimwe. "Pale mlangoni hakuna jina la mtu la kwanza, Verlin. Ni majina ya ukoo tu. Au ya aibu."

"Najua. Lakini ukoo ni wangu." Akaigeuza kofia. "Na mimi sikupanda minara. Alipanda yeye. Barafu ilikuwa nene kule juu, ngazi haionekani, na mimi nilikuwa chini nimeshika kamba. Akishuka, mikono haikunjiki. Halafu anapika. Mimi nikamwambia aangalie kamba. Majira yote ya baridi nilimwambia hilo tu." Akaigeuza kofia mara nyingine. "Kwa hiyo nikatengeneza hii. Ndiyo hivyo. Nimemaliza."

Upepo ulipita majanini. Royce alikuwa anajikuna ndevu kwa nguvu kuliko zilivyohitaji.

"Mimi kura yangu naiondoa," akasema mwishowe. "Lakini msimwambie mtu."

"Seneta hata hivyo alikuwa na tabia mbaya," akasema Harlan.

Geneva akaitazama mizani yake, akamtazama Lorna. "Sina ubishi."

Ikabaki sauti ya mmoja. Lorna alikuwa ameketi ukingoni mwa tela, barafu juu ya kifundo, uso umeinama ukingo wa kofia ukimficha. Alipouinua ulikuwa mwekundu, na mdomo umefungwa kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

"Sikusikia vizuri," akasema. "Nilikuwa na hivi masikioni."

Kila mtu aliviona vile vizuia sauti vinaning'inia shingoni mwake. Verlin naye aliviona.

"Lorna," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Hiyo nimesikia. Ile ya minara."

"Umesikia yote."

"Basi irudie tu, mzee wangu. Nimeingoja sana, na leo mashahidi wapo."

Royce akakaa chini majanini, akajiweka vizuri kama mtu aliyelipia kiti. Verlin alimtazama yeye, akatazama mabamba yaliyolala, akatazama nyumba ambako mvuke wa chakula ulikuwa ukitoka dirishani. Kisha akasogea mpaka mbele ya mkewe, akawapa wengine wote mgongo, akaanza upya. Safari hii alisema kwa sauti ya chini, na waliokuwa nyuma hawakupata hata nusu. Ilichukua muda. Palikuwa na ahsante ndani yake, hilo Geneva aliapa alilisikia.

Walikula chakula kikiwa vuguvugu, na Opal alihesabu vikombe vyake vya chai na kuuliza mbona vinanuka baruti. Kabla ya keki Harlan alileta herufi za chuma kutoka motoni. Desturi ilikuwa mwenye risasi achome mwenyewe, lakini hapakuwa na aliyekuwa na uhakika ni nani hasa, hivyo Lorna akachukua ile ya kwanza kwa mkono wa kushoto. L ikakaa upande kidogo. Moshi ukapanda, harufu ya msonobari ulioungua ikajaa uani.

"Imepinda," akasema Verlin.

"Shika mlango," akasema Lorna, "na unipe O."